Jibu: Vioo kujaa ukungu alfajiri barabara ya Kabale–Kisoro, Uganda

Ndugu, pole. Umeuliza kwa nini ukipakia abiria saa kumi na moja alfajiri pale Kabale kioo cha mbele kinakuwa cheupe hata waipa zikipiga kazi. Waipa hazina kosa, ukungu huo uko ndani. Kabale iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, vioo vinalala baridi usiku kucha. Pumzi za watu saba na makoti yaliyolowa zikivigusa, mvuke unageuka maji.

Sasa angalia kitufe chenye picha ya gari na mshale unaojizungusha ndani. Wengi huku tunakiacha kimewaka mwaka mzima kwa sababu ya vumbi, na hapo ndipo shida ilipo: unazungusha unyevu uleule. Kizime, hewa ya nje iingie. Elekeza upepo kwenye kioo, weka joto, kisha washa kiyoyozi. Ndiyo, kiyoyozi pamoja na joto! Kazi yake hapo ni kukausha hewa. Kama chako kimekufa, shusha vioo vya pembeni kidogo, abiria wavumilie.

Usifute kwa kiganja. Mafuta ya mkono yanabaki, na taa za lori likija mbele unaona mng'ao tu.

Mazulia ya chini je, yamelowa? Yaanike. Lakini ukungu ukiwa nje ya kioo, hapo sasa waipa zinatosha.

Na kabla ya kupanda Kanaba, ule mlima wa njiani kwenda Kisoro, simama pembeni mpaka uone vizuri. Kona za pale hazina huruma.