Bomba litapita Chemba, lakini kwa miaka mingapi?

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, litabadili maisha yetu sisi wa mikoa ya kati. Mimi linaloniuma ni jingine: kwa nini ukisema mafuta yana mwisho, watu wanakutazama kama umetabiri kiama?

Hesabu yake si ngumu. Mafuta ya Ziwa Albert yanayokadiriwa kuchimbika ni kama mapipa bilioni 1.4. Bomba limepangwa kupitisha kama mapipa 216,000 kwa siku. Ukigawanya, hata likijaa kila siku bila kupumzika, hayafiki miaka 18. Mtoto anayezaliwa leo Kondoa atakuwa bado yuko sekondari. Na kwa kuwa dunia inatumia mapipa yapatayo milioni 100 kila siku, utajiri wote ule dunia ingeumaliza kwa wiki mbili.

Hesabu hizi nilizisema mbele ya watu. Kikundi chetu cha vitunguu, huku Chemba, kilikuwa kimepata akiba ya kununua mashine ya maji. Mimi ndiye katibu. Nilitetea pampu ya sola badala ya injini ya dizeli kwa nguvu zangu zote: mafuta yatapungua, bei itapanda, tutabaki na chuma shambani. Nikawaeleza habari za Hubbert, mjiolojia wa Shell, ambaye mwaka 1956 alisema uchimbaji wa mafuta Marekani ungefika kilele karibu na mwaka 1970, kisha uanze kushuka. Wengi hawakumwamini, na mwaka 1970 ukafika kilele kweli.

Mzee mmoja, dereva mstaafu wa malori, akanyoosha mkono. "Katibu, mwanangu, na sasa hivi Wamarekani wanachimba kiasi gani?" Sikuweza kumficha. Kwa kupasua miamba wameshaivuka rekodi ile tangu mwaka 2018. Watu wakaguna. Mzee akaendelea taratibu: baada ya vita vya Kagera mafuta yalikuwa ya mgao, Jumapili mchana magari ya watu binafsi yalipigwa marufuku barabarani, na kila mtu alijua ndiyo yamekwisha. "Leo bodaboda zimejaa mpaka Kwa Mtoro. Sasa tumwamini nani?"

Hapo akasimama bibi mmoja ambaye huwa hasemi sana vikaoni. Akasema yeye amemwelewa katibu. Ni kama maji ya korongoni. Mwezi wa sita unafukua mchanga kwa mkono, maji haya hapa. Mwezi wa kumi unachimba mpaka mtu anazama kichwa, mwingine anapokea ndoo juu, na asubuhi nzima mnapata madumu mawili. Maji hayajaisha, ila yanakula siku yako yote. Kilele na kushuka kwake, gharama ya kufuata mafuta baharini na ndani ya miamba, alivieleza vyote kwa maneno hayo machache, vizuri kuliko mimi na makaratasi yangu.

Nikajua tumeshinda. Kura zikapigwa, dizeli ikapita, na bibi yule aliipigia dizeli.

Nilimfuata baadaye kumuuliza. "Mwanangu, kwani mwezi wa kumi huwa tunaacha kuchimba? Tunachimba palepale, tutakwenda wapi?" Injini na mipira yake vingenunuliwa na hela ya mbegu ikabaki. Sola ingekomba akiba yote kabla hatujapanda hata tuta moja.

Nilianza kuandika barua hii nikitaka kulalamika kwamba watu wetu hawaambiliki. Nikiendelea, naona lawama hiyo si ya haki. Mtu anayesubiri bei za mafuta za EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, aliyeona mwaka 2022 Serikali ikitoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi ili mafuta yashikike, hahitaji kuhubiriwa. Anachokosa ni njia ya kuanzia. Ingawa wapo pia wasiotaka tu kusikia, hasa mjini Dodoma, na hao sina la kuwatetea.

Kwa hiyo, pamoja na yote niliyosema, jibu langu kwenu ni ndiyo: bomba lipite, na faida ipo, ya ajira za ujenzi, ushuru na fidia kwa waliolipwa kwa haki. Lakini halmashauri za Chemba na Kondoa zisipange bajeti kana kwamba litatiririka milele. Na ile mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo tayari ipo kisheria, iruhusu kikundi kukopa pampu ya sola na kuilipa kwa misimu kadhaa ya mavuno. Hapo nitarudi kwenye kikao na kuomba kura ipigwe upya.