Andikishaneni Kabla Mzigo Haujatoka Dukani

Dada mmoja wa Tabata kaniandikia: kampa shoga yake vitenge kwa mali kauli, sasa shoga hapokei simu. "Hatukuandikishana, tulikuwa tunaaminiana." Pole, mpenzi, lakini sikiliza.

Mwezi uliopita nimelipwa deni langu lote na mteja aliyekuwa akiapa mbele za watu kwamba alichukua robota moja, si mawili. Nikafungua daftari: tarehe, idadi, sahihi yake, mashahidi wawili. Akanywea. Nilishaitwa mkoloni kwa kusainisha watu, hata na ndugu zangu, na bado inaniuma. Lakini nimelipwa.

Tabia hii sikuitoa Kariakoo. Niliipata niliposoma habari za Mesopotamia, Iraki ya leo. Karibu miaka 4,000 iliyopita, mtu akikopa fedha au shayiri, kiliandikwa kibao cha udongo mbichi cha kuenea kiganjani: nani kakopa, kiasi gani, atalipa lini, nani walishuhudia. Mara nyingi kibao kilivikwa bahasha, nayo ya udongo, maneno yakarudiwa juu yake, na mdaiwa akaviringisha hapo muhuri wake wa jiwe. Ukichezea maandishi ya nje, ya ndani yapo. Mkibishana, bahasha inavunjwa.

Na Hammurabi, mfalme wa Babeli huko huko Mesopotamia, alikuwa mkali kuliko mimi. Sheria yake inasema wakala akimkabidhi tajiri fedha bila kuchukua hati yenye muhuri, fedha hiyo haiingii kwenye hesabu. Imekula kwake.

Halafu yupo Nanni, mwaka 1750 KK hivi. Barua yake ya malalamiko iko British Museum. Alimtuma mjumbe kwa Ea-nasir, mfanyabiashara wa shaba wa mji wa Ur, akatolewa vipande vibovu na kuambiwa: mnataka, chukueni, hamtaki, ondokeni. Lugha hiyo hamjaisikia dukani kwa mtu? Ila Nanni hakulia tu. Alimkumbusha kwamba mambo yao yaliandikwa kwenye kibao chenye muhuri, kikawekwa hekalu la Shamash, mungu wao wa jua. Andikeni, jamani! Hata kwa dada yako wa tumbo moja, andika.

Wewe wa Tabata, usimtukane. Mtumie meseji ya upole leo, utaje idadi ya doti na bei. Akijibu hata "nivumilie hadi mwisho wa mwezi," amekiri. Piga skrinishoti kabla hajaifuta.