Faili nimeifuta, mbona diski bado imejaa?

Swali: Mtaalamu, seva yangu ya nyumbani inatumia Debian. `df -h` inasema diski ya mfumo ya GB 60 imejaa asilimia 100. Nimefuta logi (faili ya kumbukumbu za programu) ya GB 30, nafasi haijarudi, na `du` inahesabu GB 18 tu. Nyingine ziko wapi? Nataka niweke hatua zake kwenye daftari langu la seva.

Jibu: Kwanza rudia hesabu kwa `sudo du -xsh /`. Bila `sudo`, `du` huruka saraka isizoruhusiwa kusoma. Tofauti ikibaki, sababu ni kwamba `df` huuliza mfumo wa faili nafasi iliyotumika, wakati `du` hujumlisha faili inazozikuta kwa majina. Na `rm` huondoa jina tu: programu ikiwa bado imeifungua faili, data hubaki diskini mpaka iifunge. Kwa maelezo yako, naanza kushuku hapa:

`sudo lsof +L1`

Utapata faili zilizo wazi ambazo hazina jina tena. Tafuta kubwa, soma PID yake (namba ya programu iliyoifungua), kisha anzisha upya huduma husika kwa `systemctl restart`. Nafasi hurudi papo hapo. Kama huduma haiwezi kusimama sasa, tumia safu ya FD (namba ya faili ndani ya programu hiyo): PID ikiwa 812 na FD ikiwa 4w, ingia kama root (msimamizi mkuu wa mfumo) uandike `: > /proc/812/fd/4`. Hakiki namba mara mbili, maana hakuna kurudi nyuma. Baadaye, logi inayoandikwa usiifute. Ipunguze kwa `truncate -s 0`.

Ikiwa `lsof` haina kitu, chunguza chini ya sehemu za kupachikia diski, yaani saraka ambamo diski nyingine huunganishwa. Hili huwasumbua wengi: diski ya nje haikupachikwa usiku mmoja, skripti ya nakala za akiba ikaandika `/mnt/akiba` ndani ya diski ya mfumo, kisha diski ilipopachikwa ikazifunika. Zifunue hivi:

`sudo mkdir /mnt/chini`
`sudo mount --bind / /mnt/chini`
`sudo du -xh -d1 /mnt/chini/mnt`

Ukishasafisha, `sudo umount /mnt/chini`. Kisha mwanzoni mwa skripti weka `mountpoint -q /mnt/akiba || exit 1`. Mstari huo usikosekane kwenye skripti yoyote inayoandika diski ya nje.

Mengine kwa ufupi. Ukiambiwa nafasi imekwisha na `df -h` inaonyesha ipo, angalia `df -i`. Faili ndogondogo nyingi humaliza inodi (nafasi za kusajili faili). Ext4, mfumo wa faili wa kawaida wa Debian, kwa kawaida humwekea root asilimia 5 ya nafasi, kwako kama GB 3. Kwenye diski ya mfumo iache, ndiyo inayokuwezesha kufanya ukarabati huu. Kwenye diski ya data tu, `tune2fs -m 1` inatosha. Logi za systemd (programu inayoendesha huduma za mfumo) ziwekee kikomo `SystemMaxUse=500M` katika `/etc/systemd/journald.conf`, kisha anzisha upya `systemd-journald`.