Kabla Hujapeleka Vipandikizi Kwenye Miale

Anayeanza kazi ya kutafuta aina mpya za maua kwa mutesheni, yaani mabadiliko ya jeni yanayochochewa kwa miale au kemikali, huuliza kwanza habari ya dozi: nipige grei (kipimo cha mionzi) ngapi? Mimi humrudisha nyuma kidogo. Unaanza na ua gani?

Miale ya gama haina shabaha. Hukata DNA popote inapopita, seli hujikarabati, na pale ukarabati unapokosea, jeni iliyoguswa aghalabu huacha kufanya kazi. Kwa hiyo njia hii huondoa zaidi ya inavyoongeza. Krisanthemumu nyingi nyeupe zina uwezo wa kutengeneza rangi ya manjano, ila jeni iitwayo CCD4a huivunja ndani ya petali. Jeni hiyo ikiharibika, ua hutoka la manjano. Waridi, kwa upande wake, halina jeni ya kutengeneza delfinidini, rangi iliyo msingi wa maua mengi ya buluu, na miale haitaileta. Usipoteze msimu huko. Chukua ua ambalo tayari ni zuri, lenye shina imara na linalodumu chomboni, likakosa jambo moja tu unalotaka libadilike. Pitia pia hifadhidata ya FAO (Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa) na IAEA (Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki), yenye aina zaidi ya 3,000 za mimea zilizopatikana kwa mutesheni, uone wenzako wamefika wapi na mmea huo.

Dozi sasa. Jaribu mafungu madogo kwa dozi tofauti, tafuta ile inayoua nusu ya mimea au kupunguza ukuaji kwa nusu, kisha fanya kazi karibu na hapo au chini yake kidogo. Vipandikizi vya krisanthemumu kwa kawaida huangukia kati ya grei 10 na 25. Mbegu kavu za mimea mingi huvumilia zaidi sana. Ukitumia EMS, kemikali ya kuleta mutesheni, badala ya miale, kumbuka kwamba husababisha saratani: glavu, kabati la kufyonza hewa, na thiosulfeti ya sodiamu ya kuiharibu kabla ya kumwaga. Mmea uliopigwa gama haubaki na mionzi, unaushika kwa mikono mitupu.

Kazi yenyewe huanza baada ya hapo, na ndipo wengi huvunjika moyo. Mutesheni hutokea ndani ya seli moja, wakati ncha ya chipukizi ina seli nyingi zilizopangwa kwa matabaka, kwa kawaida matatu. Mmea unaokua ni mchanganyiko: tawi moja limebadilika, jirani yake ni lilelile la zamani, na seli za zamani mara nyingi hukua haraka zikazifunika mpya. Kata shina, lazimisha macho ya pembeni yachipue, chukua vipandikizi kutoka hayo, rudia vizazi viwili au vitatu. Ukiona petali chache zenye rangi ngeni kwenye ua moja, zipeleke maabara ya tishu mara moja, maana petali za krisanthemumu zinaweza kuotesha mmea mzima. Jihadhari na vipandikizi vya mizizi. Chipukizi la mzizini hutoka kwenye tabaka la ndani, na kama badiliko lako liko kwenye ngozi ya nje tu, utarudishiwa ua la zamani.

Majani yaliyojikunja katika kizazi cha kwanza ni majeraha ya miale, hayarithiwi, kwa hiyo usichague wala usitupe kwa kuyatazama hayo. Na kila siku uwe na mmea mzazi ambao haukupigwa, umeupanda palepale, kwa mbolea ileile. Joto kali hufifisha rangi ya pinki na nyekundu katika maua mengi, na nimeona watu wakishangilia aina mpya ambayo ilikuwa ni hali ya hewa tu. Ukiona mzazi naye amefifia, usiupe mmea jina bado. Ukate, uoteshe upya, uungoje uchanue wakati wa baridi.