Pampu ya mafuta: sikiliza kwanza, nunua baadaye

Dada mmoja ameniandikia kutoka Morogoro. Gari lake ni Toyota IST; inazima barabarani, ikipoa inawaka. Fundi kasema pampu ya mafuta imekufa na anataka hela leo leo. Dada yangu, tulia. Ya kwangu nimeibadilisha mwenyewe hapa nje, Tabata, huku jirani akipita na kuniambia niite mwanaume. Maneno yale yananiuma mpaka sasa. Gari linatembea.

Na kabla ya hapo gereji moja ilishanilipisha plagi na koili, gari likaendelea kuzima vile vile. Hakuna aliyepima presha ya mafuta! Ndiyo maana nasema anza na fyuzi na rilei, kile kiswichi kinachoipelekea pampu umeme. Kisha mtu apige stata, wewe tega sikio kwenye siti ya nyuma, kwa sababu pampu isiyo mbovu utaisikia ikivuma. Ikiwa kimya, pima kama umeme unafika kwenye soketi yake. Waya ukikatika, hata ufunge pampu mpya hujafanya kitu.

Siku ya kazi gari liwe nje, limepoa, tangi lina mafuta kidogo. Chomoa soketi ya pampu, iko chini ya siti ya nyuma, washa gari na uache injini iungurume mpaka izime yenyewe, ndipo ufungue terminali hasi ya betri. Sigara na jiko la mkaa viwe mbali kabisa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini usiuone.

Chini ya siti kuna mfuniko wa bati, na juu yake vumbi la miaka. Lisafishe lote kabla hujafungua, lisidondokee tangini. Paipu ya mafuta ichomoe ukiwa umeizungushia kitambaa. Nilipoinua pampu yangu, kile kichujio cha chini kilikuwa cheusi tii, na kidole kilitoka na tope. Na ninyi mnaotembea kila siku taa ya mafuta imewaka, acheni. Pampu inapozwa na mafuta hayo hayo.

Ile sili, mpira unaozuia mafuta yasivuje, nunua mpya, ya zamani usiirudishe. Ukishawasha, acha siti wazi, mulika tochi pande zote, unuse. Ukiona hata unyevu, zima.

Huyo fundi wako, dada, mwambie aje na kipimo cha presha. IST inataka presha ya mafuta ya bar 3 na kidogo. Kama hana kipimo, usimpe hela.