Jua ota mjini, maji fuata Ilemela: pa kuogelea Mwanza

Mvua zikishakata, kuanzia Juni hivi, jamaa wa Dar na Arusha huanza kunitumia ujumbe wa aina moja: "Tunakuja huko, tuogelee wapi?" Wameshaona picha ya Mwamba wa Bismarck, yale majabali yaliyosimama majini karibu na kivuko cha Kamanga, wakadhani mtu akishuka kwenye basi anavua shati na kujirusha. Jibu langu halibadiliki. Jua la kuota lipo mjini kwa wingi. Maji ya kuogelea yafuateni nje ya mji.

Sababu ya kwanza ni Mto Mirongo. Unakatiza katikati ya jiji, unapokea kila kinachotupwa mitaani, kisha unamwaga mzigo wote Ziwa Victoria. Ongeza bandari, vivuko na mitumbwi. Ya pili ni mawe yenyewe. Maji ya ghuba yana rangi ya kijani, na mwamba uliojificha nusu mita chini huuoni mpaka uugonge. Vijana wanaopiga mbizi pale wamekulia hapo, wanajua kila jiwe lilipo. Wewe mgeni usiwaige.

Lakini kwa kukaa juani, sijaona mji unaoizidi Mwanza. Panda mawe ya Capri Point, rasi iliyo hapohapo mjini, asubuhi, kabla granaiti haijashika moto, tandika kanga, tulia. Punde atatokea mjusi dume mwenye kichwa na mabega ya waridi na mwili wa bluu, atajiinua kwa miguu ya mbele, achezeshe kichwa juu na chini kukuonya kwamba jiwe lina mwenyewe. Jina lake la kisayansi ni Agama mwanzae, yaani ana haki kuliko wewe. Ikigonga saa tano, teremka. Tuko karibu mno na ikweta, na ziwa lenyewe liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Upepo wa ziwani unakupoza huku ngozi inaungua, na utagundua jioni ukivaa shati.

Kisiwa cha Saanane nacho ni kizuri kwa kukaa juu ya mawe, na boti kutoka Capri Point haichukui muda. Ni hifadhi ya taifa tangu 2013, ingawa kilianza kama bustani ya wanyama mwaka 1964. Kuogelea hapo sahau. Mamba wapo.

Sasa maji. Mimi huenda Ilemela, upande wa barabara ya uwanja wa ndege, kwenye fukwe za hoteli kama Malaika na Tunza. Kuna mchanga, kuna mahali pa kubadilishia nguo, na watoto wanaonekana kutoka mezani. Pwani hizi hazikai vilevile kila mwaka. Mvua za 2020 na za 2024 zilipandisha ziwa mpaka likala sehemu ya mchanga, kwa hiyo picha ya zamani isikudanganye. Piga simu kwanza uulize ufukwe ukoje. Nenda asubuhi. Mchana upepo hugeuka ukatoka ziwani, mawimbi yanakuja yamechafuka, na kwa asiye mzoefu kuogelea kunakuwa kumeza maji. Ukisikia radi, hata ya mbali, toka.

Igombe na Kayenze ni kuzuri kwa macho, ila hiyo ni mialo, yaani pa kushushia samaki. Watu wanaanika dagaa, wanafua, wanaosha vyombo, mitumbwi inaingia na kutoka. Nenda ukanunue samaki, usiingie majini.

Na hapo ndipo tunapofika kwenye jambo ambalo wenye hoteli hawapendi kulitaja: kichocho. Huku kwetu ni kile cha tumbo. Mayai yanatoka kwenye kinyesi cha binadamu, yanaangua majini, vimelea vinaingia kwa konokono, kisha vinatoka kwa konokono kutafuta ngozi ya mtu. Vinatoka kwa wingi jua likiwa kali, na vikikupata dakika chache zinatosha. Ndiyo maana mimi naangalia ufukwe kabla ya kuangalia maji: pana matete? Pana magugu maji yaliyoganda? Pana watu wanaojisaidia karibu? Nikiona mojawapo, naondoka. Ufukwe wa mchanga unaopigwa na mawimbi, mbali na mwalo, ni afadhali, lakini afadhali siyo salama. Baadhi ya konokono hao wanaishi hata kwenye maji ya kina. Mtu akikuapia kwamba kwake hakuna kichocho, anakuuzia soda.

Kujifuta kwa taulo mara utokapo kunaweza kusaidia kidogo, usikutegemee. Dawa ipo, ni praziquantel, lakini usiimeze jioni ileile ukadhani umemaliza. Inaua minyoo iliyokomaa, michanga inaponyoka. Subiri wiki sita hadi nane au zaidi, kisha nenda hospitali ukapime. Wageni wengi wanakuwa wameshasahau kwamba waliwahi kuoga Mwanza, na wanaenda kutibiwa tumbo kwa vitu vingine kabisa. Mwambie daktari ulikuwa ziwani.

Asiyetaka wasiwasi huo, hoteli za mjini zina mabwawa ya kuogelea, na mwenye watoto wadogo mimi humshauri aanzie hapo. Mwenye siku za kutosha apande meli kwenda Nansio, Ukerewe, mwendo wa saa tatu au zaidi, kisha atafute usafiri mpaka Rubya, penye msitu na mchanga. Kanuni za konokono ni zilezile huko.

Mavazi: ufukwe wa hoteli vaa utakavyo. Ukivuka uzio kuingia kijijini, jifunge kanga, na salamu itangulie kamera, hasa kwa wazee.

Halafu sato. Agiza kabla hujaingia majini, maana jikoni za Ilemela hazina haraka, na ukisubiri mpaka njaa ikushike utakula chipsi za jirani kwa macho.