Filamu za laptopu kwenye TV bila kugusa bando: fundi anajibu

SWALI: Habari za kazi fundi. Nipo Mikindani, tunakaa nyumba ya zamani ya babu, zile za kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa. Baada ya mnada wa korosho nikanunua TV janja na homu thieta, ina spika 5 na sabufa lake. Ruta ni ya laini ya simu nimeiweka chumba cha mbele manake ndo netiweki inaposhika, TV iko chumba cha nyuma. Nikirusha filamu kutoka kwenye laptopu kwenda TV inagandaganda, sauti inatokea kwenye TV tu, homu thieta kimya. Kuna fundi hapa kaniambia ninunue bando kubwa zaidi. Ni kweli?

JIBU: Kaka, hilo bando usilinunue kwanza. Filamu ambayo tayari iko kwenye laptopu yako ikienda kwenye TV yako kupitia ruta yako haitoki nje ya nyumba, kwa hiyo haili hata MB moja ya bando. Mtandao wa nyumbani na intaneti ni vitu viwili tofauti, ni kama ua wenu na barabara ya Masasi, mkitembea ndani ya ua nani anawadai nauli? Hili jambo linaniuma kwa sababu nakutana na watu wengi huku kwetu wanamwaga hela ya bando kila wiki kutibu tatizo ambalo halipo kwenye bando kabisa. Ukitaka uhakika chomoa laini kwenye ruta, iache inawaka, Wi-Fi itabaki hewani, alafu cheza filamu ya laptopu. Ikicheza ujue hapo intaneti haihusiki. Mnakumbuka Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu intaneti ikawa shida nchi nzima, mwenye filamu zake ndani na ruta inayowaka angeendelea kuangalia tu kama kawaida.

Bando linaliwa pale unapofungua Netflix au YouTube. Netflix wenyewe wanasema picha ya HD inaweza kula hadi GB 3 kwa saa, na 4K hadi GB 7, kwa hiyo hapo fundi wako angekuwa na hoja. Ingia pia kwenye setingi za TV uzime ile ya kujisasisha yenyewe, inakula kimyakimya ukiwa umelala.

Sasa tuje kwenye kuganda, na hapa mchawi ni ukuta. Ruta nyingi zinarusha Wi-Fi mbili, ya 2.4 GHz na ya 5 GHz. Ya 5 ina kasi ila ukuta mnene inashindwa kuupenya, ya 2.4 inapenya vizuri kidogo ila ni ya polepole, na kwa nyumba kama yako ya matumbawe hata hiyo inafika nyuma imechoka. Dawa ni waya wa LAN, yaani waya wa mtandao, kutoka kwenye ruta mpaka kwenye TV. Chukua wa aina ya Cat 5e au Cat 6, unafika mpaka mita 100 bila shida, nyumba yenu haifiki huko. Mlango wa LAN wa TV nyingi kasi yake ni Mbps 100 (megabiti 100 kwa sekunde), usiogope, hata picha ya diski ya Blu-ray ya full HD haizidi Mbps 40 na filamu nyingi za kwenye laptopu ziko chini sana ya hapo. Nakusihi ununue waya wa shaba tupu, kuna ule wa aluminiamu uliopakwa shaba unauzwa rahisi, kwa hewa yetu hii ya chumvi hautakaa. Rangi za vile vijiwaya nane vya ndani zipangwe sawa kwenye plagi za pande zote mbili: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Na usiupitishe umelala pamoja na waya wa umeme. Ikiwezekana laptopu nayo ikae karibu na ruta, manake ukiweka waya kwenye TV alafu laptopu ukaenda nayo chumba cha nyuma, ukuta ni uleule tu.

Kwenye Windows washa ile sehemu ya kushea midia, na mtandao uwe umechagua kwamba ni wa binafsi, ukiacha wa umma TV haitaiona laptopu hata ufanye nini. Vifaa vyote viwe mtandao mmoja, usitumie Wi-Fi ya wageni, ile nyingi zinazuia vifaa visionane.

Homu thieta kukaa kimya ni suala la waya wala siyo la mtandao. Angalia nyuma ya TV, kuna mlango wa HDMI umeandikwa ARC (ndio unaorudisha sauti ya TV kwenye homu thieta), na kwenye homu thieta upo mwingine hivyohivyo, unganisha hiyo miwili, alafu kwenye setingi za TV washa CEC (inayofanya vifaa vya HDMI viongozane) na uchague sauti itoke kwenye ARC. Kama haina ARC tumia waya wa optiko, nao unabeba sauti ya Dolby Digital ya 5.1, yaani spika 5 na sabufa. Bluetooth sikushauri, kwa kawaida inapeleka sauti ya spika mbili tu, zile za nyuma ulizolipia hela zitakaa pambo. Na ukikuta filamu moja moja ina picha ila haina sauti kabisa, mara nyingi sauti yake ni ya aina ya DTS na TV haiielewi, tafuta kopi yenye sauti ya aina ya Dolby au AAC.

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mama wa Nachingwea, sina ruta, nina simu tu na TV janja. Na mimi inawezekana?

JIBU: Marahaba mama, inawezekana. Washa hotispoti ya simu huku data umezima, TV iunge hapo, na laptopu pia kama ipo, tayari una mtandao wa nyumbani. Au kama simu na TV zote zina Miracast, ile ya kurusha skrini ya simu kwenye TV, rusha moja kwa moja, hata hotispoti haihitajiki.

SWALI: Niko Lindi mjini, umeme ukikatika na kurudi TV haiioni tena laptopu.

JIBU: Ruta inachukua dakika moja mbili kuamka na ikiamka inaweza kugawa anwani upya, yaani namba zinazotambulisha kila kifaa kwenye mtandao. Isubiri ikae sawa ndo uwashe TV. Ndani ya setingi za ruta kuna sehemu ya kuifungia laptopu anwani yake moja ya kudumu, fanya hivyo. Na tafadhali TV na homu thieta zipitie kwenye gadi ya umeme, radi ikianza chomoa vyote na waya wa LAN pia.